Martini ya Maji

Mume wangu Kerrow hakuonja pombe maisha yake yote. Naanza na hilo kwa sababu bado wapo watu Garissa wanaosema vingine, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku askari walipolimwaga sanduku letu la bati barabarani. Wamesikia tu kwamba ndani yake kulikuwa na chupa. Chupa ilikuwapo, sikatai. Lakini habari za mtu hazianzi pale sanduku lake linapofunguliwa na mwenye bunduki.

Alizaliwa katika boma la ngamia upande wa Kotile, na angeishi na kufa nyuma ya ngamia kama baba yake, lau dume moja halingemwangukia mguu akiwa kijana. Mguu uliunga vibaya. Mchungaji anayechechemea ni mzigo kwa wenzake wakati wa kuhama, basi akaja mjini, akaajiriwa kubeba maji nyumbani kwa Mzungu aliyekuwa afisa wa mifugo. Mji mzima ulimwita Bwana Mifugo. Kerrow akapanda polepole, kutoka maji hadi kufua, kutoka kufua hadi mezani, na kutoka mezani hadi kabati la chupa.

Najua mafundisho. Anayebeba na anayemimina naye ana lawama. Sheikh alimwambia hivyo, na Kerrow akajibu kwamba hilo ni deni lake kwa Mola, atalijibu mwenyewe. Mimi nilimwambia pia, si mara moja. Baba yangu alikuwa mkalimani wa mahakama Isiolo na alinisomesha kuliko wasichana wengi wa wakati ule. Nilipoolewa na mtumishi wa nyumba, shangazi zangu walilia kama msibani. Baba alisema, "Nimemchagua kwa sababu mikono yake ni safi na hasemi uongo hata wa kuchekesha." Maneno hayo niliyashika, na sikuwahi kupata sababu ya kuyaachia.

Kile kinywaji kiliitwa martini. Bwana Mifugo alimfundisha mwenyewe. Unatia barafu kutoka kwenye jokofu la mafuta ya taa katika chombo kirefu cha fedha chenye kifuniko. Unamimina jin, kisha divai nyeupe iliyotiwa mitishamba, kidogo tu, kama mtu anayetia dawa machoni. Halafu unakoroga kwa kijiko chenye mpini mrefu, taratibu, mpaka chombo kinatoka jasho kwa nje na vidole vinauma kwa baridi. Unachuja katika gilasi yenye mguu mwembamba, unatia tunda moja la zeituni.

"Hakitikiswi," Kerrow alikuwa akinieleza kwa makini, kana kwamba mimi ndiye nitakayemrithi kazi. "Maziwa unatikisa kwa sababu unatafuta siagi. Hapa hutafuti kitu. Hapa unatuliza."

"Unatuliza nini?"

"Sijui, Nurto. Lakini Bwana anasema kutoka hapa mpaka Nairobi hakuna anayekituliza kama mimi."

Aliisema sentensi hiyo mara nyingi mno. Kama mtu mwingine anavyotaja ngamia wake kwa majina, mume wangu aliitaja martini ambayo hakuwahi kuiweka mdomoni.

Bwana Mifugo mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu, na wafugaji walimheshimu. Ng'ombe wakifa kwa maradhi, alikuwa akiinama juu ya mzoga uliovimba bila kitambaa puani, huku wachungaji wenyewe wakirudi nyuma wakiziba nyuso. Aliweza kula mkate wake pembeni ya mzoga. "Ana moyo wa simba," Kerrow alisema. Sote tulisema hivyo.

Uhuru ulipokuja, pamoja nao ikaja vita. Siwezi kuieleza vita ile kwa mtu ambaye hakuiishi. Upande mmoja vijana wa porini waliotaka nchi yetu iungane na Somalia, upande mwingine serikali mpya na majeshi yake, na katikati sisi tuliokuwa na watoto, ngamia na maduka. Ulilala bila kujua asubuhi utaulizwa swali na nani. Kulikuwa na kafyu. Kulikuwa na malori, na hata leo lori likipunguza mwendo nje ya ukuta wangu, mkono wangu huacha kazi wenyewe.

Bwana Mifugo aliondoka mwaka wa sitini na nne. Alimwachia Kerrow chombo cha fedha, kijiko, gilasi chache, na chupa ya jin iliyobaki nusu. Alisema atarudi kututembelea na ataimalizia kwetu.

"Itupe," nilimwambia Kerrow siku hiyohiyo.

"Ni amana."

"Amana ya pombe?"

"Amana haiulizwi jina. Mtu amesema niwekee, nimesema ndiyo. Akirudi nitampa mkononi, akainywee huko barabarani." Akaizungushia gunia, akaifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo akauvaa shingoni.

Akapata kazi ya kuandaa chai katika mkahawa sokoni. Mkahawa haukuwa na barafu wala kijiko kirefu, na nilimwona akidhoofika kama mtu aliyehamishwa kijiji. Basi akaanza mazoezi nyumbani. Alasiri, baada ya swala, alikaa uani na kile chombo. Badala ya barafu alitia kokoto alizookota kando ya mto Tana na kuziosha vizuri. Badala ya jin, maji. Badala ya ile divai, maji mengine. Alikoroga, akasikiliza, akachuja, akainua gilasi juu kuiangalia kwenye mwanga, kisha akampa mbuzi wetu ayanywe.

"Mkono usisahau," alisema nilipomcheka.

Kabla ya kila zoezi alikisafisha chombo. Mama yake, Habibo, alimfundisha tangu utotoni kwamba chombo hakisafishwi kwa maji peke yake. Maji huondoa uchafu unaouona tu. Chombo cha maziwa kwetu hufukizwa: unatia ndani vipande vya kaa la mgunga linalowaka, unafunika, unakizungusha mpaka moshi uingie kila kona, unamwaga, unafuta majivu. Ndivyo maziwa yanavyokaa siku nyingi bila kuharibika, na ndivyo mgeni anavyojua kwamba nyumba hii ina mwanamke anayejiheshimu. Kerrow alikifukiza chombo cha fedha hivyohivyo, kama alivyozoea kufanya jikoni kwa Bwana, na Habibo alimtazama kwa kuridhika. Hakujua chombo ni cha nini. Alijua tu kwamba mwanawe ni msafi.

Sharifo, jirani yetu, alikuwa akiyaona haya kupitia mwanya wa ua wa makuti. Alimwona mwanamume akimimina kitu cheupe kama maji katika gilasi ya kizungu na kuiinua juu. Hakumwona mbuzi. Sharifo hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mwanya tu, na muda.

Halafu ukaja msako. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha, mapema mwaka wa sitini na sita. Walilivunja sanduku letu kwa kitako cha bunduki na kulimwaga barabarani, mbele ya mtaa mzima. Gilasi zikavunjika zote isipokuwa moja. Chombo cha fedha kikabingirika mpaka miguuni pa Sharifo. Na askari mmoja akaiinua ile chupa, akaitazama ilivyobaki nusu, akapiga mluzi.

"Mzee! Kumbe nyumba hii inajua starehe!"

Wenzake wakacheka, wakaenda nayo. Nilisimama mlangoni na shela yangu imenyooka, nikawaangalia majirani mmoja mmoja mpaka wakashusha macho. Lakini macho yakishashuka, midomo hufunguka. Siku ile ile nilisikia kisimani: kumbe nusu ameshakunywa.

Hilo peke yake ningelistahimili. Ningetembea kichwa juu mpaka wachoke. Lakini wiki chache baadaye walimkamata Awil.

Awil ni mdogo wake Kerrow, aliyebaki na ngamia. Lori la jeshi lilishambuliwa barabarani kusini mwa mji, na waliokutwa malishoni upande ule wote wakachukuliwa, wazee kwa vijana, wakawekwa nyuma ya waya. Awil alikuwa miongoni mwao. Siku ya shambulio hakuwa karibu na barabara. Alikuwa kwenye kisima cha ngamia akinywesha, tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka, na Kerrow alikuwa naye, kwa kuwa alimpelekea sukari na majani ya chai. Wengine wote waliokuwa kisimani walikuwa nyuma ya waya pia. Nje ya waya, aliyemwona Awil ni Kerrow peke yake.

Afisa aliyesimamia kambi alituma neno msikitini. Wazee wakileta mtu ambaye wao wenyewe wanaukubali ushahidi wake, akaapa, na wao wakasimama nyuma ya kiapo chake, mfungwa atatoka. Wasiokuwa na mtu wa kuwasemea, Ijumaa malori yatawachukua kwenda magereza ya bara. Ilikuwa Jumanne. Tulijua watu waliopelekwa bara. Tulikuwa hatujamwona hata mmoja akirudi.

Kerrow alichechemea mpaka kwa Haji Warfa, mzee wa msikiti wetu, na akarudi mapema kuliko nilivyotaka. Akakaa chini bila kuvua viatu.

"Amekataa," alisema. "Ushahidi wa mlevi haukubaliwi. Ndivyo alivyosema. Mbele ya watu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema sinywi. Akasema kila mlevi husema hivyo."

Haji Warfa hakuwa adui yetu, na sitamfanya awe hivyo kwenye karatasi. Nilikwenda kwake mwenyewe pamoja na Habibo, tukakaa na wake zake, naye akaongea nasi kutoka upande wa pili wa pazia.

"Binti yangu," alisema, "nina wanaume wengine mle ndani. Nikimwapisha mtu ambaye mji mzima unasema anakunywa, yule afisa akasikia, hatakubali tena kiapo cha mtu yeyote wa msikiti huu. Kumimina alimimina, hilo ninaliacha. Nusu ya wanaume wa mji huu wamebeba makreti ya Wazungu mgongoni. Mimi nauliza kunywa. Nileteeni mtu anayejua, ambaye si wa damu yenu."

"Nani anayejua alichokunywa mtu jikoni, Adeer?" nilimuuliza, nikimwita ami kwa heshima ya Kisomali.

"Hilo," alisema, "ndilo tatizo lenu."

Usiku ule ulikuwa mrefu, na asubuhi ya Jumatano niliamka na jina moja. Alikuwapo mjini karani Mgoa, Bwana Pinto, Mkristo, aliyekuwa akialikwa kwa Bwana Mifugo yeye na mkewe. Nikamchukua Habibo tena, nikavaa vizuri, tukaenda. Sikumwambia Kerrow.

Walitukaribisha barazani. Mama Pinto alituletea chai na biskuti. Nilieleza shida yangu kwa Kiswahili kifupi, kwa maana sikupenda kuomba. Nilipofika kwenye neno "mlevi", Bwana Pinto aliweka kikombe chini.

"Kerrow mlevi? Mama, kama Kerrow angekuwa mlevi, sisi tusingeteseka vile!"

Mkewe akamgusa mkono. "Joseph, usimwambie."

"Kuniambia nini?" nikauliza.

Wakatazamana, kama watu wenye siri ya kuchekesha ambayo ghafla haichekeshi. Kisha Bwana Pinto akasema. Ile martini ya Kerrow, ambayo hakuna kama yake kutoka hapa mpaka Nairobi, ilikuwa hainyweki. Ilikuwa na ladha ya moshi. Si kidogo. "Kama kulamba jiko," alisema. Wageni wote walijua. Waliipa hata jina: Moshi wa Kerrow. Maafisa waliokuja kutoka Nairobi walionywa njiani. Mama Pinto alikuwa akiimwaga kwenye waridi lililokuwa kwenye kopo kando ya kiti chake.

"Lakini Bwana Mifugo aliisifu!" nilisema.

"Bwana Mifugo hakuwa na pua, Mama. Ilikufa vitani huko Burma, baruti iliungua karibu na uso wake. Hakusikia harufu wala ladha ya kitu. Alipenda baridi yake tu, na alimpenda Kerrow. Alitukataza tusimwambie. Sisi tulidhani ni jiko la kuni, au labda alivuta sigara juu yake."

Habibo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, aliniuliza kwa Kisomali wanasema nini. Nikamwambia: wanauliza moshi ulitoka wapi. Akashangaa. "Kwani wao huweka vinywaji vyao katika vyombo vichafu?"

Pale pale nikaona njia, na nikaona bei yake. Mtu mwenye kiu ya pombe hunywa kwenye chupa, nyuma ya mgongo wa bwana wake, na mtu aliyeonja kwenye chupa hata mara moja asingeweza kufukiza kile chombo miaka yote ile bila kujua anaharibu nini. Kosa lake ndilo shahidi wake. Lakini ili lisemwe, ilibidi lisemwe mbele ya wanaume wa mtaa, na mbele yake.

"Bwana Pinto," nilisema, "kesho alasiri utakuja kwetu?"

"Atavunjika moyo."

"Mdogo wake atapelekwa bara. Utakuja?"

Alikuja. Nilimtumia Haji Warfa habari ya shahidi, akakubali, na baraza likakaa uani kwetu Alhamisi, chini ya kivuli cha mikeka, Haji Warfa katikati na wazee wawili pembeni yake, na wanaume wa mtaa wamejaa mpaka kwenye ua. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia la magunia. Sharifo naye alikuja. Nilimpa mkeka mzuri.

Siku nzima nilikuwa nimefagia ua ule ule, nikarudia. Kerrow hakujua Bwana Pinto angesema nini. Alidhani anakuja kumsifu.

Haji Warfa alianza moja kwa moja. "Unaonekana uani kwako ukimimina na kuinua gilasi. Nini ile?"

"Maji, Adeer."

"Mtu anaheshimu maji kiasi hicho?"

Watu wakacheka. Kerrow hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na chombo cha fedha, kikiwa na bonde ubavuni tangu siku ya msako, na kijiko, na gilasi moja iliyosalia, na kokoto zake. "Nitawaonyesha," alisema. Akakipeleka kwanza kwenye jiko, akatia makaa, akafunika, akakizungusha, moshi ukatoka mwembamba pembeni mwa kifuniko. Akamwaga, akafuta. Akatia kokoto. Akamimina maji, akatia mengine matone machache kwa kuinamisha kichwa. Kisha akakoroga. Wanaume wale waliokuja kumhukumu wakanyamaza, kwa sababu mkono wake ulikuwa mkono wa mtu anayejua. Mguu ule mbovu haukuonekana. Alisimama wima kama yuko tena kwenye sebule ya Bwana, akachuja bila tone kuanguka, akainua gilasi kwenye mwanga, na uso wake, Mungu ananiona, ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha.

"Hivi," alisema. "Ila kwa maji."

Bwana Pinto akaomba gilasi. Akanywa kidogo, akafumba macho, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Haji Warfa akainua mkono. "Bwana Binto, sema bole bole, na maneno yako yatafsiriwe," alisema kwa Kiswahili cha ulimi wa Kisomali, kisha akawageukia watu kwa lugha yetu. "Wazee hawa lazima wasikie kila kitu. Kerrow hatafsiri, maana ndiye anayeulizwa. Nani mwingine anajua Kiswahili sawasawa hapa?"

Habibo akadakia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mke wake anakijua kuliko karani!"

Basi ikawa mimi. Bwana Pinto alisema sentensi moja ya Kiswahili, na nyuma ya pazia nikaisema kwa Kisomali. Ningeweza kuipunguza makali. Lakini Haji Warfa alikuwa ameinamisha sikio, na Kiswahili chake kilitosha kumkamata mtu anayepunguza. Na jina likisafishwa kwa maji nusu, hubaki na harufu. Kwa hiyo nilisema yote. Nilisema kwamba kinywaji kilikuwa hakinyweki. Nilisema kama kulamba jiko. Nilisema jina walilokipa. Nilisema habari za pua ya Bwana Mifugo, na hapo nikasikia minong'ono ya wachungaji waliokumbuka mizoga. Nilisema waridi. Kupitia tundu la gunia nilikuwa nikiuona mgongo wa mume wangu, na kila sentensi yangu ilipoingia, mabega yalishuka kidogo.

"Kwa hiyo," Bwana Pinto alimaliza, "huyu hajaonja. Aliyeonja angeacha moshi."

Mzee mmoja akapinga. "Labda alikunywa yake mwenyewe tu, akadhani ndivyo ilivyo."

"Mzee, mlevi anayeiba hatumii gilasi wala kijiko. Anakunywa shingoni mwa chupa, haraka, mlango umefungwa. Chupa haina moshi. Angejua siku ya kwanza."

Nikatafsiri. Wazee wakaongea kwa sauti ya chini. Haji Warfa akanyoosha mkono, akapewa chombo. Hakukigusa kwa mdomo, bila shaka. Alikiinamia akanusa, na akakaa vile kwa muda.

"Hiki kimefukizwa kama cha maziwa," alisema. "Kerrow. Nakuuliza wewe sasa, na fikiri kabla hujajibu. Miaka yote ile ulikuwa hujui kwamba wanakitema kinywaji chako?"

Nilijua kilichokuwa mdomoni mwake. Nilimjua mume wangu. Angeweza kusema, karani anasema uongo, martini yangu ilikuwa nzuri, ninajua ilikuwa nzuri. Na neno hilo moja, "ninajua", lingempeleka Awil bara, kwani asiyeonja atajuaje? Alisimama na kitambaa mkononi. Mtu mmoja kule nyuma akakohoa. Lori likapita barabarani, na wote tukasubiri lipite.

"Wallahi sikujua," alisema. "Nilidhani ni nzuri."

Kijana mmoja kwenye ua akapasuka kucheka, kisha mwingine, kisha kicheko kikaenea mpaka nyuma ya pazia kwa Sharifo. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini kilikuwa kicheko, na Kerrow akabaki amesimama katikati yake mpaka kilipokwisha.

Haji Warfa hakucheka. "Habibo," aliita kuelekea kwenye pazia, "umelea mtoto msafi. Anaharibu pombe ya watu kwa usafi." Kisha akawageukia wazee wenzake. "Ushahidi wake ninaukubali. Mwenye neno aseme."

Hakuna aliyesema. Kerrow akaapa pale pale, mkono juu ya msahafu, kwamba alikuwa kisimani na Awil tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka.

Walipokwisha kuondoka alikaa uani peke yake. Nilimpelekea chai. Aliipokea bila kunitazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Jana."

"Na ukaniacha nitengeneze kwanza."

"Ilibidi waone mkono wako."

Akanywa chai. "Hukupunguza hata neno moja, Nurto."

"Haji angejua."

"Ndiyo," alisema. "Angejua." Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Lile waridi. Ni kweli alilimwagia?"

"Amesema hivyo."

"Lilikuwa zuri sana lile waridi," alisema.

Ijumaa asubuhi alikwenda kambini na wazee. Malori yalikuwa yamepangwa tayari, injini zinanguruma, na sisi tuliobaki tulizisikia kutoka nyumbani na hatukuweza kukaa wala kusimama. Habibo alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja. Malori yakaondoka. Hatukujua nani yumo. Nilitoka mpaka barabarani, nikarudi, nikatoka tena, bila kujali nani ananiona nikihangaika.

Walitokea upande wa soko wakitembea polepole, Kerrow anachechemea na Awil anayumba, kila mmoja akidhani ndiye anayemshika mwenzake. Awil alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Alikula, akanywa, akalala kidogo, akaamka. Watu walikuwa wakija kumpa pole, na kila aliyemwona Kerrow alitabasamu kwanza kabla ya kusema salamu.

"Kaka," Awil aliuliza jioni hiyo kabla jua halijazama, "mle ndani walisema wazee wamekukataa. Ulileta ushahidi gani mpaka wakakubali?"

Chumba kilijaa wageni. Nikafungua mdomo kumjibia, nikijua jinsi ya kulisema jambo kwa heshima, bila moshi mwingi. Kerrow akainua kiganja kunizuia.

"Acha, Nurto. Hii ni yangu kuisema."

Akajisogeza karibu na mdogo wake, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kumweleza jinsi barafu inavyotiwa.